Saa Saba na Nusu

Dada yangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma katika ukumbi wa wanaowasili, koti mapajani, mkoba juu ya koti. Aliponiona nikitokeza na begi langu hakuinuka. Alitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Ulisema saa saba na nusu."

Ilikuwa saa kumi kasoro robo.

"Nilisema ni saa saba na nusu, Dada. Za kuruka."

Alinyamaza kidogo, akaelewa, akatikisa kichwa. "Wewe mtoto," akasema, nami nina mvi, "ulishindwa nini kuniandikia utafika saa ngapi?"

Najua mmeshacheka. Usiku wa kuamkia safari nilimtumia ujumbe: "London mpaka kwako New York ni saa saba na nusu tu." Akasoma alichosoma. Saa saba kamili mchana alikuwa ameshaketi.

Tuliyamaliza njiani. Lakini kuna kitu kilinikaa kooni kwa wiki kadhaa, na si ile aibu ya ujumbe. Ni kwamba hata angenielewa, hata angehesabu kwa vidole na kuondoa zile saa tano ambazo New York iko nyuma ya London, bado ningekuwa nimemdanganya. Ndege ilipangiwa kuondoka saa tano na dakika ishirini asubuhi. Kwa hesabu yangu, dada alipaswa kuniona kabla ya saa nane mchana. Alisubiri karibu saa mbili zaidi ya hapo, na hakuna kilichoharibika. Injini hazikuleta shida, dhoruba haikuwepo, ilikuwa siku ya kawaida ya Februari.

Sasa ile namba niliitoa wapi?

## Kugawanya tu

Niliitoa mnakozitoa ninyi. Niliandika majina ya miji miwili, nikaongeza neno "umbali", na jibu likaja kabla sijaondoa kidole: kilomita 5,570, saa 7 na dakika 28.

Hizo dakika 28 ndizo zilizoniponza. Ningeambiwa "saa saba, nane hivi" ningejihadhari. Lakini anayekutajia mpaka dakika unamwamini, kama unavyomwamini fundi aliyetoa futi kamba mfukoni kabla hata hajasalimia.

Nikiwa kwa dada nilifungua kikokotoo kingine, nacho kikaniambia chini ya saa saba. Cha tatu kikasema vingine tena. Umbali wote walikubaliana, muda kila mmoja na wake. Ilinichukua jioni nzima kung'amua siri yao, na ni siri ndogo ya kuaibisha: vinachukua kilomita, vinagawanya kwa mwendo mmoja uliochaguliwa na aliyekitengeneza, kisha baadhi vinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jaribu mwenyewe. 5,570 gawanya kwa 800, ongeza nusu saa. Utaipata 7 na 28 yangu, nzima nzima.

Hakuna ndege ndani ya hesabu hiyo. Hakuna hata anga.

Na kwa kuwa ni kugawanya tu, kwenda na kurudi ni mamoja. Geuza majina ya miji, New York itangulie London ifuate, jibu halisogei. Basi sikilizeni: wakati wa kwenda tulikaa angani saa saba na dakika thelathini na tano. Wiki mbili baadaye nikarudi kwa njia hiyo hiyo, na tukakaa angani saa sita na dakika kumi.

Miji haikuwa imesogeleana.

## Uzi juu ya tufe

Mtuhumiwa wangu wa kwanza alikuwa umbali wenyewe. Kwenye kile kioo cha ramani nyuma ya kiti, ndege yetu haikwenda moja kwa moja. Ilipanda kuelekea kaskazini, ikapita juu ya Ireland, ikachora upinde mkubwa baharini, halafu ikashukia Canada kwa upande wa Newfoundland kabla ya kuteremka na pwani. Nilijisemea, huyu rubani anatuzungusha kama dereva wa teksi aliyeona mgeni.

Mpwa wangu ana tufe la shule. Tulifunga uzi, ncha moja London na nyingine New York, tukauvuta mpaka ukakaza. Uzi ukapanda kaskazini wenyewe. Ulipita karibu kabisa na pale tulipopita.

Kwa hiyo upinde ndio ulionyooka, na kilichopinda ni macho yangu yaliyozoea ramani ya ukutani. Ramani ile ya kawaida inatokana na kazi ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569, naye aliwachorea mabaharia: mstari wa dira usiobadilika uonekane umenyooka kwenye karatasi. Gharama yake ni kuvuta nchi za kaskazini kama mpira. Ndiyo maana Greenland inaonekana kukaribiana na Afrika kwa ukubwa, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takriban mara kumi na nne. Ukipima safari kwa rula juu ya karatasi hiyo, unapima mvuto wa karatasi.

Wataalamu huiita njia ya uzi "duara kuu", kwa sababu ukiuendeleza uzi utaizunguka dunia nzima na kuigawa nusu kwa nusu. Hapo nikalazimika kumwomba radhi rubani. Na zile kilomita 5,570 zikasafishika: ni kweli tupu, kwa uzi.

Kwa ndege je?

## Swali la mpwa

Mpwa wangu ana miaka kumi na mmoja, na alikuwa bado ameshika tufe. Akalizungusha taratibu.

"Mjomba, dunia si inazunguka kwenda mashariki?"

"Ndiyo."

"Sasa ukiruka kutoka London kwenda magharibi, New York si inakuja kukupokea? Mbona ndiyo inachukua muda mrefu?"

Naandika hili kwa haya. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiamini kwamba safari za mashariki ni fupi "kwa sababu dunia inazunguka", na nimewahi kulisema mbele za watu kwa sauti ya mjuzi. Mtoto alikuwa amechukua hoja yangu, akaipeleka mpaka mwisho wake, na mwisho wake ulikuwa kinyume na kilichotokea. Kama mzunguko wa dunia ungekuwa unaifanya kazi hiyo moja kwa moja, mimi ndiye ningefika mapema na dada angeniona kabla ya saa saba.

Nilimjibu ninavyojibu nisipojua. Nikamwambia ni usiku, akalale.

Jibu lake la kwanza ni hewa. Hewa haikai pembeni ikiitazama dunia inavyozunguka, nayo inazungushwa pamoja. Nzi akiruka ndani ya basi linalokwenda kasi hagongwi na kioo cha nyuma, kwa kuwa hewa anayoikanyaga kwa mabawa iko safarini pia. Kama hewa ingebaki imesimama, mtu aliyesimama wima London angekuwa anapigwa na upepo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, maana huo ndio mwendo wa ardhi ya pale katika mzunguko wa dunia. Nyumba zisingekuwepo.

Nikadhani nimemaliza. Nilikuwa bado.

## Mto wa juu

Wakati wa kurudi, rubani alitutangazia kwamba tuna upepo mzuri mgongoni. Alilisema kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya chai. Nikaangalia kioo: mwendo wetu juu ya ardhi ulikuwa umevuka kilomita 1,050 kwa saa. Wakati wa kwenda, muda mwingi haukufika 800.

Huko juu, kwenye kimo cha kilomita tisa mpaka kumi na mbili hivi, kuna mikondo myembamba ya upepo inayokwenda kutoka magharibi kuelekea mashariki, mara nyingi kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa, na siku zenye nguvu huvuka 300. Chanzo chake ni joto kukutana na baridi: hewa ya upande wa tropiki na hewa ya upande wa ncha hazilingani, na tofauti hiyo ikiongezeka wakati wa baridi, mkondo nao hukaza. Februari basi ni mwezi wake hasa. Hewa inayotoka kwenye joto kuelekea kaskazini hukunjwa kuelekea mashariki.

Na kinachoikunja ni nini?

Mzunguko wa dunia.

Nilipofika hapo niliweka simu chini. Mpwa wangu hakuwa amekosea kuitazama dunia ikizunguka. Dunia inaingia kwenye muda wa safari kweli, ila haiingii kwa mlango aliouona yeye wala kwa ule niliouamini mimi. Inaingia kwa kuupinda upepo, na upepo ndio unaoibeba au kuizuia ndege.

Mtu mmoja aliyeupima mkondo huo mapema ni Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani, aliyekuwa akirusha maputo miaka ya 1920 na kuyafuatilia yakichukuliwa. Taarifa yake aliitoa kwa Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, akitumaini kwamba lugha ya watu wote itasomwa na watu wote. Haikusomwa. Mwaka 1944 marubani wa Marekani waliokuwa wakiruka juu sana kuelekea Japani walikutana na upepo huo huo wakashangaa. Nimefikiria sana habari ya Oishi. Alikuwa na namba sahihi katika lugha ambayo msikilizaji hakuisikia. Mimi nilikuwa na namba mbovu katika lugha tunayoisikia wote wawili, na bado haikufika.

Sisi tulipaswa kuwa wa mwisho kusahau upepo. Maneno yetu ya kaskazini na kusini yenyewe yamebeba majina ya pepo, kaskazi na kusi. Nahodha wa jahazi asingekujibu ukimuuliza bandari fulani iko mbali kiasi gani bila yeye kukuuliza kwanza: unakwenda msimu gani? Kwa upepo wa tezi ni siku chache. Kwa pepo za mbisho, chombo hubisha kushoto na kulia, na bandari ile ile inakuwa mbali.

## Deni la dakika tisa

Nilijifariji hivi: basi, kinachopotea kwa kwenda kinalipwa kwa kurudi, na ile namba ya kikokotoo ni wastani wa haki.

Nikapiga hesabu nijiridhishe. Tuchukue safari ya kilomita 5,400, ndege ya mwendo wa 900 kwa saa. Bila upepo, kwenda saa sita, kurudi saa sita, jumla kumi na mbili. Sasa weka upepo wa kilomita 100 kwa saa. Kwenda unabaki na 800, unatumia saa 6 na dakika 45. Kurudi una 1,000, unatumia saa 5 na dakika 24. Jumlisha.

Saa 12 na dakika 9.

Nilirudia mara tatu. Upepo haulipi deni lote. Sababu ni nyepesi ukishaiona: upepo unaokuzuia unakaa nao muda mrefu, kwa kuwa unakwenda polepole, unaokusaidia unautoka haraka, kwa kuwa unakimbia. Zile dakika tisa hazirudi kamwe. Sijui kwa nini jambo hili lilinigusa kuliko mengine yote. Nadhani ni kwa sababu nimeishi nikiamini kwamba safari ya kurudi husawazisha.

Historia ya njia hii imejaa ukosefu huo wa usawa. Tarehe 4 Oktoba 1958, ndege mbili za jeti aina ya Comet zilianza siku moja kubeba abiria kati ya London na New York, kila moja upande wake. Ya kuelekea mashariki ilivuka moja kwa moja. Ya kuelekea magharibi ililazimika kutua Gander, Newfoundland, kuongeza mafuta. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba Ciara ikiwa inavuma, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York na kufika London kwa saa 4 na dakika 56, ikipita juu ya ardhi kwa zaidi ya kilomita 1,300 kwa saa. Haikuvunja mwendo wa sauti, kwa kuwa ndani ya hewa iliyokuwa ikiibeba ilikuwa ikienda mwendo wake wa siku zote.

Waongozaji wa ndege wa pande mbili za Atlantiki wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Njia za kuvukia bahari hupangwa upya kila siku kufuatana na upepo: mchana za kwenda magharibi, zikiukwepa mkondo, usiku za kwenda mashariki, zikiutafuta. Kwa hiyo hata kilomita tulizoruka jana si za leo. Safari ya Singapore kwenda New York ni mfano mkali zaidi. Uzi wa tufe unapita karibu na Ncha ya Kaskazini, lakini ndege mara nyingi huvuka Pasifiki, njia yenye kilomita nyingi zaidi, kwa sababu huko ndiko upepo uliko. Ni njia ndefu inayofika mapema.

## Milango

Upepo angalau hauna kinyongo.

Helsinki na Tokyo zimetengana kwa takriban kilomita 7,800 za uzi, na kwa miaka mingi safari hiyo ilichukua kama saa tisa na nusu. Mwaka 2022 anga la Urusi likafungwa kwa mashirika ya Ulaya, nalo ndilo lililokuwa katikati karibu lote. Sasa ni kama saa kumi na tatu, kwa kupita juu ya Ncha ya Kaskazini au kuzunguka kusini. Tufe halikubadilika hata nukta. Kikokotoo changu bado kinatoa jibu la zamani, bila wasiwasi.

## Tiketi ilikuwa imesema

Hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Jibu nilikuwa nalo mfukoni muda wote. Tiketi yangu ilisema saa 8 na dakika 5 kwa kwenda, na karibu saa saba kwa kurudi. Niliziona. Nikazipuuza, nikidhani ni ujanja: wanaongeza dakika ili wakichelewa waonekane wamewahi.

Ujanja upo, sikatai. Tuliporudi tulitua mapema kuliko ratiba, tukapongezwa kwa kipaza sauti, kisha tukakaa robo saa nzima ndani ya ndege tukisubiri lango liwe tupu. Lakini ratiba inahesabu kitu ambacho kikokotoo hakikijui: muda tangu ndege inaposukumwa kutoka langoni mpaka inaposimama kwenye lango la pili. Ndani yake mna foleni ya kupaa, na sisi tulitambaa ardhini dakika ishirini na tano kabla ya magurudumu kuachana na lami. Mna upepo wa msimu, ndiyo maana kwenda na kurudi havifanani. Ni namba ya watu walioruka njia hiyo mara nyingi, wakachoshwa na kubahatisha.

Wala usidhani teknolojia itatuokoa. Ndege za leo haziendi kasi kuliko jeti za mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wahandisi waliamua kubana mafuta badala ya kubana muda. Concorde, ndege ya abiria iliyoupita mwendo wa sauti, ilijaribu njia nyingine. Tarehe 7 Februari 1996 ilitoka New York hadi London kwa saa 2, dakika 52 na sekunde 59, na ilipokwenda magharibi abiria alishuka mapema, kwa saa ya ukutani, kuliko alivyopanda. Iliacha kubeba abiria mwaka 2003.

Dada angeipenda. Angenisubiri hata kabla sijaondoka.

## Ujumbe mwingine

Mwezi huu nakwenda tena. Nilitaka kumwandikia vizuri safari hii. Niliandika umbali, nikafuta. Niliandika saa za kuruka, nikafuta. Nikaandika kwamba itategemea upepo, nikajiona nahodha asiye na jahazi, nikafuta.

Nikatuma hivi: "Ndege inatua saa nane na nusu mchana, saa za huko kwako. Usitoke nyumbani mpaka nikupigie."

Jibu lilikuja baada ya dakika moja.

"Hiyo saa nane na nusu ni ya kufika, au ndiyo hizo zako za kuruka?"